Mikoko Iliyo Mbele ya Nyumba



Barua tunayoijibu juma hili imetoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja anayeishi Kiandutu, Thika, ameandika kwamba wazazi wake wako katika kijiji kilicho karibu na Kipini, mahali mto Tana unapoingia baharini. Tangu mafuriko ya 2024 nyumba yao imepasuka ukuta, na jamaa wameazimia kuijenga upya. Kaka yake ametoa shauri kwamba ukanda wa mikoko ulio mbele ya kiwanja ukatwe, boriti ziuzwe ili kupunguza gharama, na nyumba ipate upepo wa pwani. Dada huyu ndiye anayetuma sehemu kubwa ya fedha, na kabla hajatuma anauliza mambo mawili: je, vimbunga kama Hidaya vitafika kwetu Kenya? Na je, mikoko ile ina faida gani hata iachwe isimame?

La kwanza lina jibu fupi kuliko la pili. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, nacho huhitaji mzunguko wa dunia ili upepo wake ujipinde na kujifunga kama pia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya mzunguko ni dhaifu mno, na ndiyo sababu ni nadra kimbunga kuonekana ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini. Kipini haitimizi hata nyuzi 3. Kwa jiografia hiyo tumehifadhika, alhamdulillah.

Lakini majirani zetu hawako mbali nasi. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Mwaka 2019 Idai kiliivunja Beira mwezi wa Machi, na wiki sita baadaye Kenneth kikaingia Cabo Delgado, kwa ndugu zetu wa Ibo na visiwa vyake. Kisha Mei 2024 akaja Hidaya, jina zuri kwa mgeni asiyealikwa, akafika Mafia akiwa tayari anapoteza nguvu. Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili, na huyu alikuja Mei.

Basi kwa Kipini hatari ya kimbunga chenyewe ni ndogo. Hatari iliyo kubwa zaidi hutoka nyuma, bara, na hapo dada yetu wa Kiandutu yu karibu nayo kuliko anavyodhani. Mto Thika hushuka kutoka milima ya Nyandarua, ukapita bwawa la Ndakaini, ukakutana na Chania hapo mjini Thika, kisha ukaingia bwawa la Masinga na kuungana na Tana. Maji anayoyaona akivuka daraja ndiyo yatakayopita siku nyingine mbele ya kijiji cha mamake. Na mto Ruiru, ulio mwendo mfupi tu kutoka kwake, haufuati njia hiyo: huungana na Ndarugu na Athi, ukashuka Fourteen Falls, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga tope lake kaskazini ya Malindi. Mji mmoja wa bara, milango miwili ya bahari.

Mvua za 2024 hazikuletwa na Hidaya. Zilikuwa zimekwisha kuanza tangu Machi, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini. Masinga ilifurika. Katika miaka ya kawaida mabwawa ya Tana huzuia udongo mwingi, ingawa huko chini mto hutwaa mwingine kutoka kingo zake. Athi haina mfululizo wa mabwawa kama huo, na matokeo yake kila aliyekaa Malindi ameyaona: bahari nyekundu wakati wa masika, na ufuo uliosogea mbele kwa mchanga ulioletwa na mto.

Tuje sasa kwenye mikoko, maana hapa ndipo penye shauri la kaka.

Mlango wa mto ni mahali maji matamu na maji ya chumvi yanapokutana, na viumbe vyake vimezoea kuishi kwa kiasi. Kamba tunaowapika huzaliwa baharini, lakini wadogo wao huingia katika vijito vya mikoko kujificha na kukua. Kaa huchimba tope humo humo, na chaza hushika mizizi. Mafuriko ya wastani huwafaa, kwa kuwa mto huleta chakula kutoka bara; wavuvi wa Ghuba ya Ungwana wanajua kwamba kamba hufuata mto. Tufani huvunja kiasi hicho kwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa bahari, upepo husukuma maji yakainuka na kuingia nchi kavu. Wanawake wa pwani waokotao chaza kwa kufuata mwezi wataelewa upesi kuliko wengi: maji hayo yakikutana na bamvua, balaa huongezeka, yakikuta maji mafu, hupungua. Idai kilifika Beira mwezi ukiwa nusu, yaani wakati wa maji mafu. Lau kingechelewa juma moja tu, kingekuta mwezi mpevu na bamvua, na maji yangepanda zaidi. Maji ya chumvi yakishaingia, visima huharibika na mashamba ya mpunga hukaa muda bila kuzaa.

Upande wa bara, mto huleta maji matamu kwa wingi usio wa kawaida pamoja na tope. Mikoko huvuta hewa kwa mizizi iliyo juu ya ardhi. Tope likiifunika, mti hukosa pumzi na kufa polepole. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika hori la Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hapakuwa na kimbunga hata kimoja, na bado eneo kubwa la mikoko likafa limesimama.

Wala si miti yote hufa sawa. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ukivunjwa matawi makubwa kwa upepo au kwa shoka hauchipui tena kutoka shinani. Mchu huchipua. Basi akataye mkoko kwa kutumaini kwamba utarudi wenyewe ajue kuwa atangoja mche mpya ukue, na hiyo ni kazi ya miaka mingi.

Je, ukanda ule unazuia nini? Nisimdanganye dada yetu. Wataalamu waliopima wanasema mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea wingi wa miti na kina cha maji. Ama maji yanayoinuliwa na tufani, hayo ni mazito zaidi: kilomita nzima ya mikoko huyapunguza kwa sentimita 5 hadi 50 tu. Kwa hiyo ikiwa mbele ya nyumba ya mama kuna hatua 20 za miti, tusitarajie izuie bahari iliyokasirika. Itakachofanya ni kuvunja mawimbi madogo ya kila siku na kushika udongo ulio chini ya kiwanja. Kwa kijiji kilicho mlangoni mwa mto usiotulia, hilo si dogo. Tana yenyewe ilihamia Kipini kupitia mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 ili mitumbwi ipite kuelekea mto Ozi. Maji yakaupanua mfereji hata mto mzima ukaufuata. Watu walichimba njia ya mtumbwi, wakapata mto mlangoni.

Ninamwelewa kaka. Kujenga ni ghali, na boriti ni fedha iliyosimama wima mbele ya macho. Lakini mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata bila leseni kunaweza kumletea faini itakayomeza fedha zote za boriti. Zaidi ya hayo, ni nani atakayeuza ukuta wa mbele ili ajenge ukuta wa nyuma?

Shauri langu ni kwamba dada atume fedha kwa sharti: nyumba isogezwe nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu, msingi uinuliwe, na nafasi iliyo kati iachwe wazi ili mikoko ipate pa kurudi bahari ikisogea. Upepo wa pwani utafika tu. Madirisha yakabiliane, wa kusi na wa kaskazini. Na kama jamaa wanataka kipato kutokana na mikoko, waulize Gazi, Kwale. Huko wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, fedha zikaenda kwenye maji na shule. Nao akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko ambayo wageni hulipa kuipita.

Barua hii ilikuwa na swali la tatu, juu ya kisima cha mama ambacho maji yake yamekuwa na chumvi tangu mafuriko. Hilo linahitaji nafasi yake, na juma lijalo, inshaallah, tutalijibu pamoja na swali la msomaji wa Witu kuhusu kuweka maji ya mvua.