Bima ya Deni la Nyumba Humlinda Nani?

Msomaji mmoja, karani katika kiwanda cha majani ya chai upande wa Kericho, naye kwao ni Siongiroi, ameniletea swali ambalo nadhani wengi wanalo moyoni ijapokuwa hawajaliandika. Kwa miaka kumi na sita amekaa katika nyumba ya mwajiri wake. Nyumba ni ya matofali, maji yapo, na hadaiwi kodi. Lakini siku atakayoacha kazi ataziacha na funguo. Kwao Siongiroi anazo ekari tatu na nusu, hati ya shamba i kwa jina lake, ng'ombe wa maziwa wanne, na nyumba ya udongo aliyoijenga marehemu baba yake. Sasa chama chake cha akiba na mikopo kimemwambia kwamba aweza kupata shilingi milioni mbili ajenge nyumba ya mawe, azilipe kwa miaka ishirini, na shamba liwe rehani. Katika karatasi alizopewa kutia sahihi mna mstari mmoja usemao kwamba atakatwa fedha za bima. Auliza: "Je, bwana, bima hii ni yangu ama ni yao? Na Serikali yahusika vipi?"

Nitalijibu swali hili kuanzia mwisho wake, kwa maana asiyejua fedha hizi zatoka wapi hawezi kujua bima yamlinda nani.

Serikali kujishughulisha na nyumba za watu si jambo geni katika nchi hii. Mnamo mwaka 1953 iliundwa Halmashauri Kuu ya Nyumba, ambayo katika miaka ya 1960 iligeuzwa kuwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Bwana Swynnerton, ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa sababu ya upimaji wa mashamba. Kusudi moja la mpango ule lilikuwa kwamba mkulima Mwafrika apate hati, na akiisha kupata hati aweze kukopa juu yake. Basi wazo la kwamba karatasi ya shamba ni mlango wa mkopo limekuwako kwa miaka sabini, na mlango huo, kama tutakavyoona, hufunguka pande zote mbili.

Katika siku zetu hizi chombo kikubwa ni Kampuni ya Kugharamia Upya Mikopo ya Nyumba, ambayo watu huiita kwa herufi zake, KMRC. Iliundwa mwaka 2018, nayo ilipata leseni ya Benki Kuu ya Kenya mwaka 2020. Hazina ya Serikali ina hisa ndani yake, pamoja na mabenki na vyama vya akiba. Hata Imarisha ya Kericho, ambayo zamani ilikuwa chama cha walimu wa Kipsigis, imo miongoni mwa wenye hisa. Wengi hudhani kwamba KMRC ni mahali pa kwenda kupanga foleni na kuomba. Sivyo. Kampuni hiyo haimkopeshi mtu hata mmoja. Hukopesha mabenki na vyama, navyo ndivyo vitukopeshavyo sisi.

Faida yake ni nini? Chama cha akiba hukusanya fedha za wanachama, na mwanachama aweza kuzitaka fedha zake mwakani au hata mwezi ujao. Chama kikizitoa kwa mtu mmoja kwa miaka ishirini, kimefanya kama mtu aliyeazimwa jembe mpaka Jumamosi, naye akamwazima mwenziwe mpaka mavuno. Kwa hiyo vyama vilizoea kukopesha kwa miaka mitatu, minne au mitano tu. KMRC hutafuta fedha za muda mrefu, kama zile zilizotoka Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na zile za hati za deni ilizouza mwaka 2022, shilingi bilioni 1.4. Ilipoanza iliwapa wakopeshaji fedha kwa riba ya asilimia tano, ili wao wamtoze mwananchi chini ya asilimia kumi.

Tazama hesabu yenyewe. Shilingi milioni mbili kwa riba ya asilimia tisa na nusu, zikilipwa kwa miaka mitano, ni kama shilingi 42,000 kila mwezi. Karani gani atazimudu? Fedha zile zile, kwa riba ile ile, zikilipwa kwa miaka ishirini, ni kama shilingi 18,600. Na riba ikiwa asilimia kumi na tano kwa miaka hiyo ishirini, ni zaidi ya shilingi 26,300. Hiyo ndiyo kazi ya Serikali katika jambo hili: kurefusha muda na kupunguza riba. Ni kazi njema, wala siibezi. Lakini mwenye kuzidisha 18,600 kwa miezi 240 ataona kwamba atakuwa amelipa karibu milioni nne na nusu kwa milioni mbili alizochukua. Nasema hivyo si kwa kumtisha mtu, ila afadhali hesabu hiyo aifanye mwenyewe nyumbani kabla hajafanyiwa ofisini.

Sasa tuje kwenye bima. Neno ni moja lakini mambo ni matatu, na kuyachanganya kumewaponza wengi.

Kuna bima ya maisha ya mkopaji. Mkopaji akifa kabla ya kumaliza, bima hulipa deni lililobaki, na shamba hubaki kwa mjane na watoto. Kuna bima ya jengo, yaani moto na majanga mengine kama yalivyotajwa katika hati. Hizi mbili ndizo zilizo za kawaida katika nchi yetu, na kwa maelezo aliyonipa, fedha atakazokatwa karani wetu ni za ile ya kwanza.

Ya tatu ni bima ya deni lenyewe, na hii ndiyo iliyobadili mambo katika nchi nyingine. Marekani, kabla ya mwaka 1934, mtu aliyetaka kununua nyumba aghalabu alitakiwa kutoa karibu nusu ya bei kwanza, na kulimaliza deni katika miaka michache. Mwaka huo, katika utawala wa Rais Roosevelt, iliundwa idara ya serikali, nayo ikasema kwa wakopeshaji: wakopesheni watu kwa miaka ishirini, na mkopaji akishindwa, sisi tutawalipa ninyi hasara. Ada ya bima hiyo huilipa mkopaji. Leo mwenye sifa nzuri ya kulipa madeni aweza kupata mkopo wa namna hiyo akiwa na asilimia 3.5 tu ya bei mkononi. Kanada nayo ilianza bima kama hiyo mwaka 1954, kwa mkono wa shirika lake la nyumba.

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Bima hiyo ya tatu hulipiwa na mkopaji lakini humlinda mkopeshaji. Mkopaji akishindwa kulipa, nyumba huchukuliwa vile vile; na huko Kanada mwenye bima akiisha kumlipa mkopeshaji aweza kumgeukia mkopaji na kumdai kilichopungua. Faida anayoipata mkopaji ni kwamba mlango ulifunguliwa kwake bila kutakiwa fedha nyingi za kutangulia. Tena, chombo chenye uwezo wa kufungua mlango chaweza pia kuufunga: ile idara ya Marekani, kwa miaka mingi, ilikataa kutia bima nyumba za mitaa walimokaa watu weusi, mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipokataza ubaguzi wa namna hiyo.

Katika mkopo aliopewa karani wetu bima ya tatu haimo. KMRC hurefusha fedha, haibebi hasara ya mkopaji mmoja mmoja. Basi hasara hiyo hubebwa na nini? Hubebwa na zile ekari tatu na nusu. Labda hiyo ni sababu moja, ingawa si peke yake, kwamba mwisho wa mwaka 2023 mikopo ya nyumba katika mabenki yote ya Kenya ilikuwa kama elfu thelathini tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini. Watu wa kwetu si waoga wa kazi, lakini shamba la baba si kitu cha kuchezewa.

Sheria haikumwacha mkopaji uchi. Kwa kuwa shamba ni la kilimo, rehani yake yahitaji idhini ya ile halmashauri ya ardhi ambayo watu huiita bodi, na bila idhini hiyo rehani ni bure. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba wanamokaa mume na mke haiwekwi rehani mpaka mwenzi naye ametia sahihi au imeonekana wazi kwamba amekubali. Mkopaji akichelewa, mkopeshaji hana ruhusa ya kumleta dalali kesho yake. Lazima ampe ilani ya miezi mitatu, na kisha ilani nyingine ya siku arobaini kabla ya kuuza. Tena yampasa atafute bei bora iwezekanayo, na shamba likiuzwa kwa bei iliyopungua robo ya thamani ya soko, au zaidi, hudhaniwa kwamba amevunja wajibu wake. Nimeona watu wakizitupa ilani hizo chini ya kitanda bila kuzifungua. Siku zilizoandikwa humo ndizo za kwenda ofisini kuomba malipo yapangwe upya.

Kwa karani wetu ningeshauri hivi. Asiweke rehani ekari zote tatu na nusu. Aende kwa mpimaji, akate robo ekari pale nyumba itakaposimama, aombe idhini ya bodi, aitolee hati yake, na hiyo ndiyo iwe rehani. Itamgharimu fedha na miezi kadhaa, na huenda chama kikasema robo ekari Siongiroi haitoshi kwa milioni mbili, kwa maana mkadiriaji huithamini nyumba ya kijijini chini ya ile ya mjini hata kama mawe ni yale yale. Ikiwa hivyo, akope milioni moja, ajenge vyumba viwili na msingi wa vingine, na fedha za maziwa zimalizie polepole.

Kuhusu bima, aulize kwa maandishi: je, yalipa nikifa tu, au hata nikipata kilema? Nikiachishwa kazi je? Ada hukatwa mara moja au kila mwaka? Na aombe nakala ya hati ya bima yenyewe, si karatasi ya matangazo.

Katika barua yake ya pili amenieleza kwamba mkewe amekataa kutia sahihi mpaka aisome hati hiyo kwa macho yake mwenyewe, na karani wa mikopo alikasirika kidogo. Nimemjibu kwamba sheria iko upande wa mama huyo, naye akaisome ofisini, aketi kitini, asiharakishwe.