Mtihani Uwe Juu ya Kitambaa

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA),
Dodoma.

YAH: VIJANA WENYE ULEMAVU WA AKILI NA UFUNDI WA KUCHAPA VITAMBAA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninafundisha kuchapa vitambaa jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wangu wengi ni vijana na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Wapo wenye sindromu ya Down, wapo wenye usonji, na wapo ambao hawajawahi kupimwa na yeyote, waliotoka shuleni na sifa moja tu, kwamba ni wazito wa kuelewa. Wanachapa kanga, foronya, vitambaa vya meza na mifuko, na kazi zao zinanunuliwa. Wanachokosa ni cheti kinachosema kuwa wao ni mafundi, na cheti hicho hutoka kwenye mamlaka unayoiongoza.

Ombi langu naliweka hapa mapema ili usilitafute chini ya barua: fundi wa kuchapa kitambaa apimwe kwa kitambaa alichokichapa, hatua kwa hatua, bila kusimamishwa kwanza kwenye mlango wa kusoma na kuandika.

Naomba nikueleze tunavyofanya kazi, kwa sababu wengi wakisikia mafunzo kwa wenye ulemavu wa akili hufikiria kundi la watu walioshikishwa kitu mkononi ili siku ipite.

Meza yetu imetandikwa blanketi kuukuu, juu yake turubai la plastiki, na kitambaa cha pamba kinavutwa na kubanwa pembeni kisicheze. Mihuri tunaichonga kwenye soli za ndala zilizochakaa na kuigandisha kwenye vipande vya mbao. Rangi inapakwa kwenye sponji iliyo ndani ya sinia. Muhuri unagusishwa pale, unabebwa hadi kwenye kitambaa, unakandamizwa kwa kiganja, kisha unainuliwa wima. Ukiuburuza umeharibu. Rangi ikikauka, kitambaa kinapigwa pasi ya moto kwa nyuma ili rangi ishike. Mpaka hapo hatujatofautiana na darasa lingine lolote.

Tofauti imo kwenye mambo madogo. Kona moja ya mgongo wa kila muhuri imepakwa nyekundu, na nyekundu siku zote hutazama dirishani, hivyo hata asiyetofautisha kushoto na kulia haugeuzi muhuri vibaya. Ubao mwembamba umepigiliwa ukingoni mwa meza. Muhuri unaegemezwa hapo, na mstari unanyooka bila rula wala namba. Kwa wanaochapa kwa skrini badala ya mihuri, fremu imefungwa kwa bawaba, ikishuka inatua palepale. Ukutani kuna picha ya kila hatua, na mikono inayoonekana kwenye picha hizo ni ya wanafunzi wenyewe. Vitu hivi havina gharama ya kutisha. Mbao, misumari, bawaba na rangi kidogo vinatosha kumfanya mtu aliyeitwa asiyefundishika achape mita nzima bila kushikwa mkono.

Tena tunafundisha kuanzia mwisho. Mwanafunzi mpya wa skrini haanzi kwa kuchanganya rangi. Mwalimu anatandika, anashusha fremu na kuvuta rangi kwa raba; mwanafunzi anafanya jambo moja, kuinua fremu na kuiona picha imetokea. Akilizoea hilo, anakabidhiwa hatua iliyo kabla yake, kuvuta rangi. Akiimudu, anaongezewa kushusha fremu. Kila somo linaishia kwenye kazi iliyokamilika, na hamu ya kurudi kesho inatoka hapo.

Batiki ya nta tunaiweka mwisho kabisa, na wengine hawafiki huko. Nta ya moto inaunguza, kostiki inachubua, na harufu ya dawa za rangi inaweza kumkimbiza darasani mwenye usonji. Badala ya nta, tumeazima njia ya Wayoruba wa Nigeria, ambao katika vitambaa vyao vya adire hupaka uji mzito wa muhogo. Ukikauka, unazuia rangi isiingie mahali ulipopakwa. Muhogo tunao, na uji uliopoa haumuunguzi mtu.

Kanga nayo imegawanyika kwa namna inayomfaa mwalimu. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linataka uvumilivu wa kurudia umbo lilelile upande hadi upande, na wapo wanafunzi wangu wanaolichapa kwa utulivu ambao mimi sina. Mji unataka mchoraji. Jina linataka mtu mwenye neno la kusema, hata kama hajui kuliandika. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima asiyesoma, nilipomuuliza kanga yake iseme nini, alijibu bila kufikiri: NIULIZE MIMI USIMUULIZE MAMA. Maisha yake yote wageni wamekuwa wakimuuliza mama yake jina lake, umri wake, kama amekula, naye yupo pale amekaa. Herufi tulimkatia sisi. Kuzipanga na kuzichapa alifanya mwenyewe, na wanunuzi bado wanaiagiza kanga hiyo.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, siombi alama za huruma. Kazi mbovu ni mbovu, awe ameifanya nani. Tunasugua kitambaa kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa. Pamba ikichukua rangi, kazi haijapita. Tunakifua na kukianika. Tunatazama pembe nne za pindo kama zimekutana, na kama kuna doa la rangi pasipotakiwa. Vipimo hivyo vinne anavielewa mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji karatasi ya maswali.

Kuna jambo moja tu ambalo mpimaji atahitaji kujifunza, nalo ni kutenganisha kosa na mtindo. Rangi inayochuja ni kosa. Samaki mwenye macho matatu, aliyechorwa hivyo mara arobaini kwa makusudi na kwa ukubwa uleule, ni mtindo. Mwalimu anayeshika kalamu na kufuta jicho la tatu anaharibu kazi ya msanii ili imfurahishe yeye. Katika kufundisha watu hawa, kazi ngumu kuliko zote ni mwalimu kuzuia mkono wake mwenyewe.

Duniani mjadala huu umekwisha kusogea. Desemba 2025, tuzo ya Turner, mojawapo ya tuzo mashuhuri za sanaa ya kisasa nchini Uingereza, ilikwenda kwa Nnena Kalu, mzaliwa wa Glasgow wa wazazi kutoka Nigeria. Ni msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuipata. Hutumia maneno machache sana. Hufunga na kuviringisha vitambaa, kamba na tepu za zamani za video mpaka vinakuwa maumbo makubwa yanayoning'inia. Karakana ya ActionSpace ya London imekuwa ikimsaidia tangu 1999. Kabla yake alikuwapo Judith Scott wa Marekani, mwenye Down na asiyesikia, aliyetengwa na familia yake akiwa mtoto na kuwekwa katika taasisi za wenye ulemavu kwa takriban miaka 35. Alianza kwenda karakana ya Creative Growth huko Oakland, California, mwaka 1987, akiwa na miaka zaidi ya 40, na baadaye akaanza kuzungushia vitu nyuzi na vitambaa. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa. Wote wawili walipewa chumba, vifaa na mwalimu asiye na haraka, kisha wakapewa miaka. Kozi ya miezi michache yenye mtihani wa kuandika mwishoni isingemwona yeyote kati yao.

Hapa nyumbani hatuanzi sifuri. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi, imeonyesha kuwa karakana ya watu wenye ulemavu inaweza kuheshimika kwa ubora wa bidhaa zake. Sheria nazo tunazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya watumishi wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unazitaka nchi katika ibara ya 30 ziwape nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kwenye milango yote hiyo, mwenye cheti husikilizwa kabla ya asiye nacho.

Na asiye na cheti huibiwa kwa urahisi. Niliwahi kukuta katika duka moja mifuko yenye ua lililochorwa na mwanafunzi wetu, ikiwa na kibandiko kilichosema ni kazi ya watoto wenye mahitaji maalumu. Aliyelichora ni mwanamke mtu mzima. Jina lake halikuwapo, na senti hakupata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi wa kazi ya sanaa na haiulizi aliishia darasa la ngapi. Lakini wauzaji huona wepesi kumpunja mtu ambaye hakuna ofisi iliyowahi kumtambua kuwa ni fundi.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, mamlaka yako tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza gereji au kwenye karakana ya seremala hupimwa na kupewa cheti. Uchapaji wa vitambaa uingizwe humo kwa namna itakayowafaa watu wenye ulemavu wa akili: maswali ya mdomo kwa Kiswahili chepesi, picha badala ya maandishi, na kazi ya mikono mbele ya mpimaji katika meza ambayo mwanafunzi ameizoea.

Pili, cheti kigawanywe kwa hatua. Anayemudu mihuri peke yake apewe cheti cha mihuri. Anayevuta skrini vizuri, cha skrini. Kiwandani kazi hizi zimegawanywa, na hakuna anayemwambia mvuta skrini kuwa si fundi kwa sababu hakuchora yeye.

Tatu, walimu. Chuo cha ualimu wa ufundi stadi cha Morogoro kinawaandaa wanaojua kufundisha kazi, na Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha kinawaandaa wanaojua elimu maalumu. Vyuo hivi vikae meza moja na kuandaa somo la pamoja, hata likiwa fupi. Mwalimu wa ufundi asiyejua kugawanya kazi katika vipande vidogo atamkatia tamaa mwanafunzi, na mwalimu wa elimu maalumu asiyejua rangi atamfundisha kuharibu kitambaa.

Nne, karakana yoyote itakayotambuliwa na mamlaka kufundishia kazi hii ifungwe na sharti la kuandika jina la msanii kwenye kazi yake na kuonyesha daftari la malipo yake.

Najua utaambiwa kuwa jambo hili litashusha hadhi ya vyeti vya VETA. Jibu langu ni kwamba hadhi ya cheti inatokana na ukweli wake. Cheti cha mtu aliyejibu vizuri maswali kuhusu skrini huku hajawahi kuivuta kina upungufu mkubwa kuliko cha asiyeandika lakini kanga yake haichuji. Mtaala mpya wa shule ulioanza kutekelezwa 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, unaitaka nchi nzima iheshimu kazi ya mikono. Vijana hawa walikuwa kwenye mkondo huo kabla haujapewa jina.

Tuletee wapimaji wako, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, mwezi wowote utakaoupanga. Waje na pamba nyeupe, waje na sabuni, wachague kitambaa chochote wanachotaka. Wakikuta kazi haijafika, watuambie ni wapi, nasi tutarudi mezani. Wakikuta imefika, tunaomba cheti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kuchapa vitambaa,
Dar es Salaam