Msimsingizie Mungu Uzembe wa Nahodha

KUPWA NA KUJAA
Na Asha Mwinyi Omar

"Mambo ya Mungu hayo, bi mkubwa. Ndiyo bahari."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa kwa simu wiki hii na mwenye boti mmoja wa Lamu, baada ya boti yake kutuanika juani juu ya tope asubuhi nzima, kisha ikatuzimikia mchana katikati ya ghuba, bila kasia, bila pondo, bila tanga. Niliyakataa papo hapo na nayakataa tena hapa kwa maandishi. Mungu aliiumba bahari akaipa saa zake za kujaa na kupwa, na saa hizo hakumficha mtu. Aliyekosa kuzitazama ni nahodha. Aliyemtuma ni mwenye boti.

Tulikuwa watu wa nyumba moja, watoto wamefunga shule, tunakwenda Kiwayu kutembea. Desemba ndio msimu wake: vuli imekatika, kaskazi imeanza, asubuhi maji ya ndani ya visiwa yametulia. Dada yangu alitaka wanawe, waliozaliwa na kulelewa Nairobi, wapaone kwa macho yao pale walikotoka wazee wao: Mtangawanda, Faza, Kizingitini, Ndau, mpaka mchanga wa Kiwayu ulio ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Mama mkwe wake, mtu mzima ambaye magoti yameshamchoka, alisema hatabaki nyuma hata kwa kubebwa. Boti ilikuwa ya faiba, ndogo, mashine moja ya nje ya nguvu za farasi 40. Tuliagana kuondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri.

Alfajiri hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwezi ulikuwa kumi na sita. Mtoto yeyote aliyekulia Amu, yaani Lamu, anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni bamvua: yanajaa kupita kiasi na yanapwa kupita kiasi, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Na bamvua la huku kwetu halina siri. Hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, likakauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Njia ya kwenda Pate na Kiwayu nayo inapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia, mikoko kushoto, tope chini. Maji yakiwapo unapita umekaa raha mustarehe. Yakitoka, ama uzunguke Manda kwa bahari kuu, ama ukae ungoje.

Alfajiri nahodha hakuonekana. Saa moja hakuonekana. Alifika saa mbili na nusu, kijana wa miaka ishirini na kitu, simu mbili mkononi, akasema alikuwa akiwangoja abiria wawili zaidi kwa sababu tajiri wake hataki kuona nafasi tupu. Nikamwuliza habari ya maji.

"Tutapita tu, shangazi. Mashine ina nguvu."

Ugonjwa wote wa vyombo vyetu vidogo umo katika maneno hayo. Mashine ina nguvu, kwa hiyo mwezi haujalishi. Mashine ina nguvu, kwa hiyo pondo limeachwa nyumbani, makasia yamegeuzwa kuni, na tanga halijulikani lilikokwenda. Wazee waliokuwa wakisafiri kwa tanga hawakuwa na nguvu ya kujivunia, walikuwa na ujuzi. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikawarudisha kwao, na nahodha alihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, akajua upepo utageuka mwongo gani. Kijana alianza kwa kufua maji chomboni, akasogea kwenye kamba za tanga, akakaa miaka chini ya jicho la mkubwa kabla ya kuaminiwa usukani wenye roho za watu. Leo anayejua kuvuta kamba ya kuwashia na kuzungusha mkono wa mashine anaitwa nahodha. Wenye boti wamefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mjuzi angewaambia "leo hatuendi", nao hawataki kuambiwa.

Tukaingia Mkanda maji yakitoka mbio. Mizizi ya mikoko ilikuwa wazi tayari, imelowa, kaa wanapanda. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka na dau lake upande tunakokwenda alisimama akatupungia mikono yote miwili.

"Maji yashapwa! Rudini, wanangu!"

Kijana akaongeza moto. Hatukwenda mbali. Boti ilipanda fungu, ikainama ubavu, propela ikaanza kukoroga tope na maji meusi yakaturukia mpaka kichwani. Badala ya kuzima, aliendelea kuunguruma akidhani atapenya, na kila alipounguruma ndivyo mashine ilivyozidi kunyonya uchafu. Alipokubali kuzima, maji yalikuwa yameshatuacha.

Kaeni juani Desemba, ndani ya chombo cha faiba kisicho na turubai, saa nne ya asubuhi mpaka saa saba, ndipo mtajua bei ya nafasi mbili za abiria. Kivuli cha mikoko tulikiona, lakini tope la pale linameza mguu mpaka gotini, na hakuna aliyethubutu kushuka na mtoto. Maji ya kunywa yalikuwa chupa chache tulizobeba sisi wenyewe. Mwana mdogo wa dada yangu, wa miaka minne, alilia akanyamaza, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu. Mama mkwe alijifunika uso kwa buibui, akashika tasbihi, hakusema neno.

Basi nikauliza majaketi yako wapi. Wasomaji wangu wa miaka mingi, nyinyi mlionipa jina la Bi Jaketi, mnajua kwamba hilo ndilo swali langu popote penye maji, na jina hilo nalipenda. Kijana alifungua sanduku la mbele. Majaketi yalikuwamo, yamefungwa pamoja kwa kamba ambayo fundo lake limegandishwa na chumvi hadi halifunguki kwa vidole. Tulipolikata kwa kisu, mengine hayakuwa na vifungo. La kumtosha mtoto halikuwapo hata moja.

"Haya ni ya ukaguzi, shangazi," akaniambia, bila haya.

Nilikiona na kingine. Mashine hizi zina kamba fupi nyekundu ya kuzimia. Nahodha huifunga mkononi, ili akirushwa majini kamba ichomoke na mashine izime hapo hapo. Ya kijana huyu ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa mashine yenyewe na kufungwa huko, kwa sababu, alisema, inamsumbua. Maana yake ni kwamba siku wimbi litakapomtoa yeye, boti itakwenda peke yake na watoto ndani, au itazunguka imrudie yeye kwa propela. Kamba ya urefu wa mkono, na hata hiyo ilikuwa kero.

Maji yalipotuinua tulitoka Mkanda tukaingia ghuba ya Manda. Kaskazi ilikuwa imeshaamka na inatupiga usoni. Mashine ya nje hupozwa na maji ya bahari yenyewe: huyavuta chini, huyapitisha ndani, na huyatoa nyuma kwa kijito chembamba ambacho kila anayeijua kazi hukitazama mara kwa mara. Kijito chetu hakikuwapo. Nilimwonyesha. Akasema kitakuja. Kilichokuja ni harufu ya kuungua, kisha kimya, tukiwa usawa wa bandari mpya ya Lamu pale Kililana. Akatupa nanga. Nanga haikufika chini. Njia ya meli za bandari hiyo imechimbwa kwa kina cha mita 17.5, na kamba yake haikuwa hata nusu ya hapo.

Serikali imeweza kuichimba bahari ili meli kubwa zipite bila kungoja maji, na tangu Mei 2021 gati inafanya kazi. Nafurahi. Lakini watu wa Siyu, Faza na Kizingitini wanaokwenda hospitali Amu, wajawazito wakiwa miongoni mwao, wanapanda viboti kama hiki, na katika viboti hivyo hakuna anayechungulia urefu wa kamba ya nanga.

Upepo ulitusukuma kurudi tulikotoka. Wimbi lilikuwa fupi, la ubavuni, linamwagika ndani, na chombo cha kufulia hakikuwapo. Tulifua kwa chupa tulizokata. Tuliokolewa na mashua ya wavuvi iliyokuwa ikitembea kwa tanga, kwa upepo ule ule uliokuwa ukitupeperusha sisi. Nahodha wake mzee, watu wake wanamwita Ami, alizunguka nyuma yetu taratibu, akashusha tanga kidogo, akaturushia kamba ikaanguka mkononi mwa dada yangu. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alituvuta mpaka Mtangawanda.

Gatini aliinama juu ya mashine yetu, akatoa kiwaya chembamba mfukoni, akachokonoa kitundu cha kutolea maji. Likatoka tope, likatoka jani la mkoko lililosagika, akachokonoa tena. Walipoiwasha, kijito kikaruka. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kikombe cha kahawa.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "mashine haipoi kwa tope. Na leo ni kumi na sita."

Kiwayu hatukufika. Nilikataa watoto warudishwe ndani ya boti ile, tukachukua bodaboda mpaka Faza, watu wa Faza wakatupokea kwa uji, samaki na mikeka kama wafanyavyo siku zote. Tuliporudi Amu tulipanda boti ya abiria ya kawaida. Nayo ina mashine ya nje. Nayo ni ya watu wasio na mali. Lakini saa yake ya kuondoka inabadilika kila siku kufuata maji, abiria wote wanaijua, na nahodha akikosea atakutana na ndugu za abiria msikitini jioni. Hiyo ndiyo tofauti, wala msinitafutie nyingine. Boti za matembezi zinabeba watu ambao kesho watakuwa Nairobi au Ulaya, na mwenye boti anajua hatakutana nao tena.

Kijana alidai nauli kamili, na juu yake petroli iliyoungua tukiwa kwenye tope. Ndipo nikampigia tajiri wake, ndipo nikaambiwa mambo ya Mungu.

Neno hilo tumelisikia sana. Kivuko cha Mtongwe kilipozama Mombasa Aprili 1994 na kuua zaidi ya watu 270, kilikuwa kimepakia watu kupita uwezo wake. Meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, ilikuwa imejaza kupita idhini yake. Mara zote mbili walitokea wa kusema ajali haina kinga. Kupakia kupita kiasi kuna kinga: ni kumwambia mtu shuka. Kukwama Mkanda kuna kinga: ni kuondoka alfajiri. Kudura ni ya Mungu, na mimi ni Mwislamu, naiamini. Lakini kumbebesha Mola fundo la kamba ambalo mtu mvivu hakulifungua ni utovu wa adabu mbele Yake, na mashekhe wetu waseme hivyo kwenye mimbari, waseme kwa sauti.

Na wenye jukumu la kukagua vyombo waache kuhesabu majaketi yaliyomo sandukuni. Yahesabiwe yakiwa vifuani mwa watu, gatini, kabla kamba haijafunguliwa. Nahodha asiyeweza kujibu mara moja maji yanakauka saa ngapi leo asipewe ruhusa ya kubeba hata mbuzi. Chombo chenye mashine moja kisichokuwa na makasia, pondo na kamba ya nanga ya kutosha kibaki ufukweni.

Likizo haijaisha. Wengi wenu mtapanda boti wiki hii, Lamu, Watamu, Wasini, Chwaka, Mafia. Kabla ya kutoa pesa, mwulizeni nahodha leo mwezi wa ngapi, kisha mwombeni awaonyeshe kasia na mumvishe mtoto jaketi mkiwa bado mmesimama gatini. Akisitasita, shukeni, na mwambieni aliye nyuma yenu kwa nini mmeshuka.