Kilembe si Lushoto

Ukitoka kwenye joto la mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na kushika barabara inayofuata mto Nyamwamba, unapanda kama kilomita kumi hivi na kuingia Kilembe, mwinuko wa takriban mita 1,400. Hewa inapoa. Nyumba za kampuni ya mgodi zimejipanga safu kwa safu bondeni, mabati yake yameshika kutu, na juu yake Rwenzori imesimama wima. Si ajabu kwamba anayefika hapo huanza kuota hoteli: nyumba zikarabatiwe, bustani zipandwe, mgeni apumzike kabla ya kuanza safari ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Wengine wanaota ndoto tofauti, ya mgodi kufunguliwa tena na mishahara kurudi. Mvutano huu una miaka mingi sasa, na kwa maoni yangu pande zote mbili zimeliruka jambo la katikati. Jambo hilo ni mto na watu wanaoishi kando yake.

Tuanze na ndoto ya hoteli. Afrika Mashariki ina vituo vya milimani ambavyo wakoloni walivijenga ili kukimbia joto. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ni mfano unaojulikana. Mgeni anayelala leo kwenye nyumba ya zamani ya Lushoto anafuata kitu kilekile alichokifuata bwana mkubwa wa wakati huo, yaani ubaridi na mandhari. Kilembe haikuzaliwa hivyo. Kilichowaleta watu kule ni shaba.

Kampuni ya Falconbridge ya Kanada ilikuwa nyuma ya mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 1956. Mwaka huohuo reli kutoka Kampala ikafika Kasese. Shaba ilisafirishwa hadi Jinja, ambako tanuri la kuyeyushia lilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Uganda za kuuza nje, nyuma ya kahawa na pamba. Mgodi uliposimama mwaka 1982, zaidi ya tani milioni 16 za mawe yenye madini zilikuwa zimetolewa mlimani.

Shaba ilipokuwa ikiteremka kwenda Jinja, Wakonzo wa milima hiyohiyo walikuwa wanadai wasitawaliwe tena na ufalme wa Toro. Mwaka 1962 harakati za Rwenzururu, chini ya Isaya Mukirane, ziligeuka tangazo la kujitenga. Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme uliotokana na harakati hizo, haukutambuliwa na Serikali hadi mwaka 2009. Kwa hiyo anayetaka kuiuza Kilembe kama mapumziko ya kizamani, yenye vibaraza na chai ya saa kumi, anauza historia ya mahali pengine. Historia ya Kilembe ni ya kazi, jasho na madai ya haki, nayo inavutia zaidi ya kibaraza chochote.

Hata hivyo utalii si wa kubezwa. Milima ya Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994. Njia ya Kilembe ya kupandia mlima imekuwa mshindani wa kweli wa ile ya zamani ya Nyakalengija, na kijijini Kyanjuki majengo ya enzi za mgodi tayari yanapokea wapanda mlima. Wapagazi na waongoza wageni wanalisha familia kwa kazi hiyo. Kosa ni kuufanya utalii nguzo ya pekee. Hifadhi ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza akatibiwa Bwera. Juni 2023 wanafunzi waliuawa shuleni Mpondwe, mpakani. Oktoba mwaka huohuo watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Mtu anayepanga likizo yake akiwa Ulaya hatenganishi Mpondwe na Margherita. Akisikia jina la Kasese kwenye habari mbaya, anaahirisha. Wilaya inayoishi na mpaka kama huu haiwezi kuweka mayai yote katika kikapu kimoja.

Watetezi wa mgodi wana hoja yao pia. Dunia inataka shaba na kobalti kwa ajili ya betri na nyaya. Lakini rekodi haitii moyo. Mwaka 2013 Serikali iliikabidhi Tibet-Hima ya China mgodi kwa mkataba wa miaka 25, na kufikia 2017 mkataba ulikuwa umevunjwa. Baada ya hapo ikawa ni kutafuta mwekezaji upya. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri, Nyamwamba haukusubiri.

Tarehe 1 Mei 2013 mto ulifurika, ukaua watu na kuwafukuza maelfu majumbani mwao. Ukarudia mwaka 2014. Mei 2020 ukaja kwa nguvu kubwa zaidi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe kiasi cha huduma zake kuhamishiwa mjini Kasese. Familia zilizopoteza makazi zikaishia kambini Muhokya, nyingine kwa miaka. Halafu kuna kinachobebwa na maji. Mgodi uliacha kando ya mto vilima vya masalia yenye shaba, kobalti na metali nyingine. Kila mvua kubwa inavimega na kuvisomba kuelekea mjini, hifadhi ya Queen Elizabeth na Ziwa George. Watafiti wamezikuta metali hizo kwenye udongo, maji na mazao ya wakazi. Hoteli nzuri kando ya mto huo haitabadilisha chakula cha jirani yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilembe inataka kipimo hichohicho. Mkataba wowote, wa mgodi au wa hoteli, uanze na fedha zilizotengwa na kuwekwa mahali salama kwa ajili ya kuimarisha kingo na kuyaondoa masalia mtoni. Pili, nyumba. Nyingi ni za Kilembe Mines, kampuni ya Serikali, na ndani yake wanaishi watu. Kabla ya fundi kupandisha ngazi, kila mkazi ajue kwa maandishi kama anabaki, anahama, au analipwa. Tatu, simulizi. Wastaafu wa mgodi ndio wanaostahili kulipwa kuwatembeza wageni, na si kwa Kiingereza tu. Soko la Mpondwe, jirani na Bwera, linajaa wafanyabiashara kutoka Kasindi, Beni na Butembo wanaozungumza Kiswahili, na Wanande wa ng'ambo ni ndugu wa Wakonzo. Makumbusho ndogo ya mgodi kwa Lukonzo na Kiswahili ingewapata wageni ambao hawatishwi na habari za mpaka, maana wanauvuka kila siku ya soko.

Atauliza mtu: fedha za mto zitoke wapi kabla mwekezaji hajaanza kazi? Zitoke kwa mwenye mali. Serikali ndiyo inayoimiliki kampuni. Kusafisha uchafu wa mgodi wake si fadhila kwa wana Kasese, ni deni. Sheria tayari inazipa jamii jirani na hifadhi asilimia 20 ya viingilio vya wageni, lakini fungu hilo ni la miradi ya jamii hizo, lisigeuzwe kulipia makosa ya mgodi.

Kwa hiyo mgodi ukifunguliwa, sawa. Hoteli zikijengwa, sawa pia. Lakini viongozi wa wilaya, Obusinga na wabunge wa Kasese wasiidhinishe hata kimoja mpaka mpango wa Nyamwamba uwe na bajeti, na familia za Muhokya ziwe na makazi ya kudumu.