Bomba Nalo Linataka Kuvishwa

Mzazi mwenzangu, wiki hii nianze kwa kukiri kosa. Mwezi uliopita nilimgombeza binti anayetusaidia kazi za nyumbani mpaka akalia, na kumbe hakuwa na hatia yoyote.

Ilikuwa hivi. Bili yetu ya maji huwa inacheza kwenye uniti 12. Safari hii ujumbe ukaingia kwenye simu: uniti 41. Niliusoma mara mbili. Halafu, badala ya kwenda kwenye mita, nikaenda jikoni. "Wewe unaacha koki wazi! Unafua nguo mbili kwa ndoo tano!" Watoto wakanyamaza wote, hata yule mdogo asiyenyamaza. Binti wa watu akasema taratibu, "Mama, mimi nafunga." Sikumsikiliza.

Siku ya tatu mwanangu wa darasa la nne ndiye aliyekuja kuniuliza, "Mama, mbona nyuma ya choo majani ni mabichi na kwingine yamekauka?" Tukaenda na jembe. Hatukuchimba hata shibiri moja. Bomba lilikuwa juu juu tu, sehemu limetokeza kwenye jua, limepauka na kupasuka mstari mwembamba kama ufa wa kikombe. Maji yalikuwa yanakwenda mchangani kimya kimya.

Niliomba radhi mbele ya watoto wote. Kama ulimgombeza mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Jioni nilimsimulia mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani. Akacheka, akasema, "Dada, huku bomba tunalivalisha soksi." Akanitumia picha: bomba limevikwa sponji nene kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwao maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9. Barafu ikiziba bomba, maji yaliyobaki kati yake na koki hukosa pa kwenda, presha inapanda, bomba linapasuka. Ndiyo maana usiku wa baridi kali huacha koki idondoke kidogo. Februari 2021 baridi ilipoingia Texas, jimbo lililozoea joto, mabomba ya nyumba nyingi yalipasuka kwa sababu hayakuwa yamevikwa.

Hapa Sofu hatuna barafu isipokuwa ya kwenye friji. Lakini bomba letu nalo lina adui zake, nalo linataka kuvishwa. Nguo yake ni udongo.

Adui wa kwanza ni jua. Bomba jeupe au la kijivu la plastiki likikaa juani miaka, linapauka na kuwa kavu kama kijiti. Na kila mchana linapopata moto, plastiki inalegea na nguvu yake ya kuhimili presha inapungua. Adui wa pili ni tairi la gari na jembe. Fundi akifukia inchi nne, bajaji ikipita mara kumi kazi imekwisha. Adui wa tatu ni mgao. Maji yakikatika, bomba linajaa hewa. Yakirudi yanarudi kwa kishindo, na pale palipokuwa na udhaifu ndipo panapoachia. Tunaokumbuka Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua maji na mgao ukawa mkali, tunajua sauti ile ya koki inayokohoa kabla ya kutema maji.

Maji hayo yana safari ndefu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na maji yake husukumwa kuelekea Kibaha na Dar es Salaam. Yatoke huko kote, yasafishwe, kisha yaishie chini ya mpapai wangu!

Sasa piga hesabu nami. Nilikinga ule mvujo kwa ndoo ya lita 20, ikajaa kwa nusu saa. Hizo ni lita 40 kwa saa, lita 960 kwa siku. Uniti moja ni lita 1,000. Kwa siku 30 ni karibu uniti 29. Kumi na mbili zetu ukijumlisha na hizo, unapata 41 kamili. Binti alikuwa anafunga koki.

Kwa hiyo kabla hujamgombeza mtu, kaipime mita. Chagua usiku ambao maji yapo. Funga koki zote, na ya kuingizia tanki pia. Andika namba za mita au zipige picha kwa simu. Asubuhi, kabla mtu hajaoga, soma tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja. Kisha funga koki kubwa ya kuingilia nyumbani. Mita ikiendelea kuzunguka, mvujo uko kati ya mita na nyumba. Ikisimama, tafuta ndani, na anza na choo cha kuflashi. Tia rosela kidogo kwenye tanki la choo, usiflashi kwa nusu saa. Ukiona wekundu kwenye sinki la choo, mwizi umempata.

Mvujo ukiwa kabla ya mita, usiuguse wala usiufunge kwa mpira wa tairi. Piga simu DAWASA, toa taarifa. Ukiwa baada ya mita, gharama ni yako, na kila siku unayochelewa unailipia.

Ukimwita fundi, simama naye. Mwambie achimbe futi moja na nusu kwenye bustani, na zaidi ya futi mbili panapopita gari, tena hapo bomba lipitishwe ndani ya bomba kubwa zaidi. Chini na juu yake uwekwe mchanga laini usio na mawe. Dukani angalia maandishi ubavuni mwa bomba: PN 10, PN 16. Namba ikiwa kubwa, bomba linahimili presha kubwa zaidi. Pale ambapo lazima lipande ukutani kwenda kwenye tanki, na ni la plastiki, lipake rangi nyeupe ya maji au livike bomba jingine. Na kabla ya kufukia, maji yafunguliwe kwanza, maungio yote yaangaliwe. Fundi wangu wa mwanzo alifukia kwanza, akalipwa, akaondoka.

Kuna jambo kubwa kuliko bili. Bomba lenye ufa linatoa maji yakiwepo. Yakikatika, linaweza kuvuta ndani uchafu ulioko pembeni yake. Langu lilikuwa nyuma ya choo. Fikiria mwenyewe watoto walikuwa wanakunywa nini. Baada ya mgao, maji ya mwanzo yakinge ya kudekia. Ya kunywa chemsha au tia vidonge vya kutibu maji, hata kama yanaonekana meupe.

Na wenye watoto wachanga: mchana wa jua kali, maji ya kwanza kutoka kwenye bomba lililoko juani au mpira wa kumwagilia yanaweza kumbabua mtoto. Yaache yapite, yapime kwa kiwiko kwanza.

Jumamosi hii wachukue watoto, muizunguke nyumba pamoja. Waonyeshe mita ilipo na koki kubwa ilipo, kila mmoja aifunge na kuifungua kwa mkono wake. Siku bomba likipasuka wewe uko kazini, mtoto wa miaka tisa aweze kuifunga. Waambie pia watazame palipo na majani mabichi kiangazi. Mimi bila jicho la mwanangu ningekuwa bado nagombana na mtu asiye na kosa.

Binti yetu bado yuko nasi. Bomba tumelifukia upya. Bili ijayo nitaisoma nikiwa nimesimama mbele ya mita.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.