Daftari la Gari

Mwenye kununua gari jipya dukani Dar es Salaam hupewa dhamana, aghalabu ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na katika muda huo hana la kujua juu ya gari lake ila tarehe ya kulipeleka kwa mafundi wa kampuni; walakini sisi wa Nachingwea na Ruangwa, ambao wengi wetu twaendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani miaka 10 na zaidi kabla hayajavuka bahari, neema hiyo hatukupata kuionja, na suala linalomjia tajiri wa mjini katika mwaka wa 4, yaani ni nani atakayebeba taksiri ya mashine, sisi hutukabili tangu siku ya kwanza.

Fungua mlango wa dereva wa IST au Noah yoyote, utazame ubavuni: mara nyingi utakikuta kijikaratasi chenye herufi za Kijapani, na tarakimu zisomekazo na kila mtu, kikionyesha oili ilimwagwa lini na gari lilikuwa limekwenda kilomita ngapi. Aghalabu hayo ndiyo maandishi ya mwisho gari hilo litakayopata. Baada ya hapo huingia katika dunia ya maneno ya mdomo, ambamo fundi husema bushi aliibadili juzijuzi tu, mwenye gari husema oili bado nzuri, na dereva aliyeachishwa kazi mwaka jana ndiye peke yake ajuaye gia boksi ilitiwa oili gani.

Mafundi tunao. Nimemwona mmoja, chini ya mwembe, akichomoa filta ya hewa na kuigonga juu ya tairi, vumbi jekundu likamwagika kama unga, naye akatambua kwa pigo hilo moja kwamba gari lilishinda kiangazi kizima kwenye barabara ya vijijini, ambako filta haifikishi hata nusu ya umri ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Maarifa hayo ni hazina. Ila hukaa kichwani mwake, na akihamia Masasi huhama nayo.

Hasara ya mashine isiyojulikana asili yake Nachingwea haihitaji kufundishwa. Mnamo 1947 serikali ya Kiingereza ilipoanzisha Mpango wa Karanga, ambao Nachingwea ilikuwa sehemu yake pamoja na Kongwa na Urambo, matrekta yaliletwa kwa pupa, mengi yakiwa masalio ya jeshi yaliyonunuliwa mpaka Ufilipino, yamechoka na spea zake adimu. Hata mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya yale yaliyofika Kongwa ilikuwa imelala. Mpango ukavunjwa 1951. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo, wala sitaki kuitwika oili mzigo wote. Lakini ikiwa mashine za namna hiyo ziliwashinda waliokuwa na hazina ya London nyuma yao, sembuse mwalimu anayelipia gari lake kwa mkopo.

Na ajabu ni kwamba desturi ya kuandika tunayo. Korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na mkulima hathubutu kuacha gunia moja mbele ya karani wa chama cha msingi pasipo kuandikiwa uzito wake; mtu huyo huyo humkabidhi fundi gari la thamani ya mavuno ya miaka kadhaa, asiulize spea iliyofungwa ni mpya au ya mtumba, wala asidai ile kuukuu iliyotolewa, kisha pakitokea kasoro huapa kwamba mafundi wote ni wezi. Si insafu. Fundi mwaminifu hudhulumika kuliko wote, maana kazi yake njema haina ithibati, na ujira wake hulinganishwa na wa mlaghai. Lau yangeandikwa tarehe, kilomita, aina ya oili, duka la spea na jina la aliyeifunga, fundi angeweza kutoa dhamana yake mwenyewe, hata ya mwezi mmoja, na mteja angekuwa na pa kuishika.

Pa kuanzia mimi napaona kwenye malori. Kila msimu vyama vya msingi hukodi malori ya kutoa korosho vijijini kupeleka maghala makuu, na lori likikata ekseli njiani mzigo unaolala porini ni wa wakulima, wala si wa mwenye lori. Basi liwekwe sharti: asiye na daftari la matengenezo, lenye sahihi ya fundi na risiti za spea, asipewe mzigo. Msimu wa kwanza wenye malori watanung'unika. Wa pili watakuwa wakigombea mafundi wanaojua kuandika.