UCHAMBUZI: Ni nani anayemiliki viungo vya mifumo ya serikali?

MWISHONI mwa Julai 2023, Wakenya waliotaka pasipoti, leseni ya kuendesha gari au tiketi ya treni ya Madaraka Express walijipata wakikodolea macho skrini zisizojibu. Jukwaa la eCitizen lilikuwa limeshambuliwa na wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan. Waziri wa Teknolojia ya Habari wakati huo, Bw Eliud Owalo, alieleza kwamba wavamizi walijaribu kuukwamisha mfumo kwa kuutumia maombi mengi kupita kiasi, na akasisitiza kuwa hakuna data iliyopotea.

Tuchukulie kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bado lipo swali ambalo halikuulizwa sana: ilikuwaje mlango mmoja ukizibwa, abiria wa treni, mwenye gari na mtalii anayetafuta viza wote wabaki nje? Jibu limo katika namna mifumo hii ilivyounganishwa, na ni jambo linalomhusu mwananchi wa kawaida kuliko lugha ya wataalamu inavyomfanya aamini.

Mfano rahisi uko dukani. Chukua mfanyabiashara wa leso katika mtaa wa Biashara, Mombasa. Mteja akinunua korija moja, kompyuta ya duka hupunguza hesabu ya bidhaa zilizomo ghalani. Kisha hutuma ombi kwa M-Pesa, na simu ya mteja ikamwuliza nambari yake ya siri. Malipo yakithibitishwa, taarifa ya mauzo hupelekwa kwa mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), na duka likarudishiwa ankara inayotambuliwa na serikali. Mfanyabiashara asiyekuwa na ankara za aina hiyo hukataliwa gharama zake anapokokotoa kodi, kanuni iliyoanza Januari 2024. Kwa hivyo si mchezo.

Machoni pa mwenye duka, hiyo ni programu moja. Kwa hakika ni kazi tatu za wenyewe watatu, na mbili kati yazo hazikuundwa kwa ajili ya duka lake. Fundi aliyeziunganisha alihitaji kujua mambo mawili tu: M-Pesa hutaka kuulizwa vipi, na hujibu vipi. Jinsi Safaricom inavyotunza hesabu zake ndani hakumhusu. Kesho Safaricom ikibadilisha mitambo yake yote, duka halitahisi lolote mradi swali na jibu vibaki vile vile.

Mtindo huu wa kujenga programu kutokana na huduma zinazojitegemea ulivuma sana miaka ya 2000, kampuni kama IBM na SAP zilipokuwa zikiwashawishi wateja wao kuukumbatia. Mengi yaliyosemwa wakati huo yalikuwa porojo za wauzaji, lakini wazo lenyewe lilidumu. Safaricom ilipowafungulia waundaji wa programu mlango mpya wa M-Pesa mnamo 2017, iliuita Daraja. Kwa mara moja, jina la Kiswahili likaeleza kitu chenyewe kuliko istilahi zote za Kiingereza.

Upande wa serikali, daraja kwa miaka mingi limekuwa mwananchi mwenyewe. Ndiye aliyebeba nakala za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KRA kutoka afisi moja hadi nyingine, akiipelekea serikali habari ambazo serikali hiyo hiyo ndiyo iliyompa.

Si haki kusema hakuna kilichofanyika. Mfumo wa usajili wa watu, IPRS, huwezesha benki na kampuni za simu kuthibitisha nambari ya kitambulisho bila kukabidhiwa daftari zima la raia. Waagizaji wa bidhaa nao wamekuwa na TradeNet, iliyoanza kutumika mwaka 2013 ili vibali vya mashirika mbalimbali viombwe mahali pamoja badala ya kuzungukia afisi.

Tatizo ni kwamba wakuu wetu wamezoea kuchanganya kuunganisha na kurundika. Huduma Namba ya 2019 ilikuwa mfano wa kurundika: habari za kila Mkenya zikusanywe upya na kutiwa katika chungu kimoja. Januari 2020, Mahakama Kuu iliamuru mpango huo usiendelee bila sheria madhubuti za kuulinda. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah aliamua kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data ya watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Wengi waliuona uamuzi huo kama ushindi wa haki ya faragha. Ulikuwa huo, lakini pia ulikuwa hukumu dhidi ya usanifu mbaya.

Estonia ilichagua njia nyingine. Tangu 2001, taifa hilo dogo hutumia mfumo uitwao X-Road, ambapo kila idara hubaki na hazina yake ya data. Idara moja ikihitaji jambo kutoka kwa nyingine, huliuliza moja kwa moja. Ujumbe hufungwa kwa siri, hutiwa sahihi na kuandikwa katika kumbukumbu. Katikati hakuna chungu. Kuna orodha tu ya waliokubaliwa kuulizana. Sheria ya huko hairuhusu idara kuanzisha hazina mpya ya kukusanya habari ambazo nyingine tayari inazo, na raia anaweza kukagua ni nani aliyechungulia rekodi zake.

Bila shaka Estonia ina watu takriban milioni 1.3 pekee, wachache kuliko wakazi wa Nairobi, na huwezi kuhamisha mpango wake mzima mzima kama kabati. Linaloweza kuhamishwa ni ile nidhamu ya kuamua kwanza nani anauliza, nani anajibu, na nani anawajibika jibu lisipokuja.

Hapo ndipo Julai 2023 ilipotuumbua. eCitizen ni mlango, na mlango mmoja una raha yake. Lakini huduma iliyo nyuma yake inapokosa njia ya pili ya kumfikia mteja, hitilafu ya mlango huwa hitilafu ya kila kitu. Serikali ililazimika kutangaza kwamba wageni wangepewa viza wanapowasili nchini. Hiyo ilikuwa njia ya pili, lakini ilibuniwa moto ukiwa tayari unawaka. KRA ilifikiria mapema zaidi, kwani eTIMS ina aina mbili za kiunganishi, mojawapo ikiwafaa wafanyabiashara ambao hawako kwenye mtandao kila wakati.

Kuna la kutisha kuliko wadukuzi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ikitegemea mfumo uliogharimu Sh104.8 bilioni. Machi 2025 ilibainika, kupitia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, kwamba umiliki wa mfumo huo, udhibiti wake na haki za ubunifu haviko mikononi mwa serikali. Yaani kiungo kati ya mgonjwa, hospitali na mlipaji ni mali ya mwingine.

Mwenye kumiliki kiungo ndiye huamua bei ya kupita, ndiye huamua nani aunganishwe na nani asubiri, na siku mkataba utakapokwisha ndiye atakayeamua kama data inahamishika au la. Hospitali ya umma inaweza kununua kompyuta mpya na kuajiri wataalamu bora, na bado ikashindwa kulipwa kwa sababu ya jambo ambalo hakuna mtumishi wa umma aliye na mamlaka ya kulirekebisha.

Bunge limewahi kuuliza mifumo hii iligharimu pesa ngapi. Sasa kamati zake ziitishe mikataba yenyewe na kutafuta humo vifungu vinne: maelezo ya kila kiungo yawe mali ya umma; notisi itolewe miezi kadhaa kabla ya kukibadilisha; njia ya pili iwepo na ijaribiwe kila mwaka; na data irejeshwe kwa namna inayosomeka mkataba unapovunjika.

Vifungu hivyo visipopatikana, wabunge wawaulize waliotia sahihi ni nani mgonjwa wa Lodwar au Kwale anapaswa kumlalamikia anapoambiwa dirishani kwamba mfumo umekwama, arudi kesho.